Bwana afya aliyemzaa Bwana Msa

Mwaka 1938 kijana wa miaka 20 kutoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, alianza kazi ya ukaguzi katika idara ya afya ya Zanzibar. Jina lake Muhammed Said Abdulla. Huku bara mtu wa kazi hiyo huitwa bwana afya: yule anayepita nyumba kwa nyumba akifunua mitungi, akichungulia vyoo, akiuliza maji haya yamechotwa wapi na nyama hii imechinjwa lini. Aliifanya miaka 10. Kisha akaingia kwenye magazeti, na baadaye akaandika riwaya ambazo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu walikutana nazo shuleni, zikiwa zimepita mikono ya madarasa matatu na kupoteza jalada.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, anajulikana kuliko yeye mwenyewe. Ndivyo inavyokuwa kwa waandishi wa aina hii. Wako watu wengi wanaomjua Sherlock Holmes na hawajui Arthur Conan Doyle ni nani. Lakini hata anapotajwa, simulizi za maisha ya Abdulla huanzia kwenye tuzo aliyopata, na ile miaka 10 ya afya hupitwa kwa sentensi moja, kama kazi ya kujikimu tu. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo ndani ya nyumba, miaka hiyo ndiyo ya kutazamwa kwa karibu.

Bwana afya hamuulizi mgonjwa anaumwa wapi. Anauliza ugonjwa umetoka wapi. Watoto watatu wa nyumba moja wakiharisha ndani ya wiki moja, jirani wa kwanza atasema nyumba ile imeingiliwa. Wa pili atakumbusha kwamba mama yao hapatani na wifi yake. Bwana afya anauliza: Nani alianza? Siku gani? Siku ile alikula nini, na alikula na nani? Choo kiko hatua ngapi kutoka kisimani? Na hawa wa nyumba ya pili, wanaochota bombani, mbona ni wazima? Ni maswali ya kawaida kabisa, tena yanachosha, na wenyeji wengi huyaona ya dharau. Lakini yapange hivyo hivyo, ondoa kuhara, weka maiti, na tayari una hadithi ya upelelezi.

Undugu huu wa afya na upelelezi si wa kubahatisha. Conan Doyle, aliyemtoa Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887, alikuwa daktari. Holmes alimchonga kwa mfano wa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, ambaye alikuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa anapoingia mlangoni na kutaja kazi yake, safari zake na hata ugonjwa wake kabla hajaketi. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kumweka Bwana Msa karibu na Holmes: yule ana Watson, huyu ana Najum, wote wawili wana kiko, na wote wawili huona kile ambacho wengine wamekitazama bila kukiona. Kufanana kupo. Ila kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. Conan Doyle, daktari wa Uingereza na baba wa mpelelezi mwenye akili kuliko wote, uzeeni aliamini mizimu ya wafu na akazitetea hadharani picha za vijimalaika vyenye mbawa zilizopigwa na wasichana wawili bustanini. Abdulla alizaliwa Makunduchi, mji ambao mpaka leo unajulikana kwa sherehe za Mwaka Kogwa na kwa mila zake nzito, na bado katika riwaya zake mizimu haikupewa nafasi ya kuua mtu.

Mwaka 1948 aliiacha idara ya afya akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua Zanzibar ya miaka ya 1950 atashtuka kidogo kuona majina hayo kwa mtu mmoja. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisemea upande wa Jumuiya ya Waafrika. Pande hizo hazikuwa zikinywea kahawa baraza moja. Mtu aliyefanya kazi pande zote mbili alikuwa na nafasi ya kuona jinsi tukio moja linavyoandikwa mara mbili, kila gazeti na mkosaji wake. Mwaka 1958 akawa mhariri mkuu wa Mkulima, jarida la kilimo, na huko akakaa hadi alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipita akiwa katika kiti hicho.

Katikati ya hayo ndipo ilipokuja hadithi. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki liliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Abdulla akashika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu. Alikuwa na miaka 42.

Mzimu usio na mikono

Kwa msomaji wa bara, neno mzimu huleta picha ya kivuli kinachotembea usiku. Unguja mzimu ni mahali pia: pango, mti mkubwa, au gofu la zamani, ambapo watu hupeleka ubani, vitambaa na sadaka kwa ajili ya waliotangulia. Ni mahali pa heshima na pa hofu kwa wakati mmoja. Abdulla akachukua mahali pa namna hiyo, akauweka hapo mwili wa mtu mwenye mali aliyeuawa.

Mwandishi mvivu angetoa jibu lililokwisha kuwa vinywani mwa watu: mzimu umemchukua. Bwana Msa hapokei jibu hilo. Wala halicheki, na hapo ndipo penye thamani yake. Anaendelea kuuliza habari za watu walio hai: nani alikuwa na nani, nani anadaiwa, nani atarithi, nani amesema jambo asilopaswa kulijua. Polisi wapo, lakini yeye si polisi. Hana cheo, hana bastola ya kutamba nayo. Ana kiko, ana rafiki, na ana uvumilivu wa kusikiliza maneno marefu ya watu wazima mpaka mmoja wao ajikwae. Anayetaka kujua muuaji ni nani akisome mwenyewe. Kumwambia ni kumwibia.

Vitabu vilivyofuata vilikwenda na njia hiyo hiyo, mafumbo yakizidi kusokotana: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ndiko wachawi wanakokutana. Mtu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kukagua maji ya watu alikuja kuandika kitabu chenye kisima cha wachawi kwenye jalada, na ni vigumu kuamini kwamba hakutabasamu alipokuwa akikipa jina.

Si kila kitu ni kitamu. Bwana Msa wakati mwingine anajua mno, na Najum yupo ili ashangae. Siri za nani ni mtoto wa nani hujirudia kitabu hadi kitabu, na msomaji wa leo aliyezoea filamu za haraka atahisi mazungumzo yanakwenda kwa mwendo wa mkokoteni. Afadhali avumilie. Mwendo huo ndio unaobeba Kiswahili chenyewe, cha Unguja, chenye utani, mafumbo na adabu ya kuzungusha neno kabla ya kulitua, ambacho mtoto anayekua na ujumbe mfupi wa simu hakipati kwingine.

Singida nayo ilikuwa na kesi yake

Mzazi wa Singida anaweza kusema hayo ni mambo ya pwani na majini yake. Asiharakishe. Mwishoni mwa miaka ya 1940, takriban miaka 10 kabla Abdulla hajashinda tuzo yake, wilaya ya Singida ilikuwa na vifo vilivyotisha Tanganyika nzima. Watu walikutwa wameuawa, miili imechanwa kama kwa makucha ya simba. Wanyaturu walikuwa na neno lao kwa wauaji hao: mbojo. Wapo walioamini ni simba wa kweli waliotumwa, wapo walioamini ni watu waliogeuzwa simba kwa dawa. Serikali ya kikoloni ilifanya upelelezi, na waliopelekwa mahakamani na kuhukumiwa walikuwa wanadamu, wenye majina na wazazi, waliosemwa kutumia ngozi za simba. Wataalamu waliendelea kuipima habari hiyo baadaye. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, aliiandikia makala mwaka 1962.

Kile kilichowalinda wauaji kwa muda mrefu ni rahisi kukieleza. Mtu akisema simba ametumwa, hakuna anayeuliza jirani alikuwa wapi jana usiku. Hofu humfungia shahidi mdomo, na jibu lililo tayari huzuia swali. Ni mtego ule ule ambao Bwana Msa anaukuta mzimuni.

Na mtego huo haujaisha kazi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Bibi aliyepika kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho ya rangi gani? Bwana afya angeinua kichwa, akatazama paa lililojaa masizi, akaandika neno moja kwenye daftari: moshi.

Saa nane usiku, Mandewa

Nyumba moja ya Mandewa, mjini Singida, ilikuwa na kesi ya namna hiyo, na nusura iende vibaya. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alipata homa tangu jioni. Saa nane usiku macho yakageuka juu, mikono na miguu ikakakamaa, kisha mwili wote ukaanza kutikisika, povu likatoka mdomoni. Degedege.

“Msimguse,” alisema bibi yake, mama wa baba. “Leteni makaa. Dawa ya kufukizia iko kwenye mkoba wangu.”

“Mama, twende hospitali,” alisema mkwe wake.

“Ukamchomeshe sindano afe? Mwenye degedege hachomwi sindano.”

Baba wa mtoto alisimama katikati yao, shati mkononi. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mandewa hapo hapo, na pikipiki ilikuwa mlangoni. Lakini kumpinga mama mzazi mbele ya mke, usiku wa manane, kijana wa Kinyaturu halioni ni jambo dogo. Wakati yeye anapima maneno, mtoto alitulia mwenyewe, kabla makaa hayajashika moto.

“Mmeona?” alisema bibi. “Limesikia linaletewa moto, limekimbia.”

Hoja ya bibi ilikuwa na nguvu, na mtu asiyejua tabia ya degedege hawezi kuijibu. Degedege la homa, ambalo huwapata zaidi watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Kwa hiyo lolote linalofanyika katika dakika hizo hupewa sifa ya kuponya: moshi, kinyesi cha tembo, maji ya baridi, mkojo, maombi, hata kelele. Aliyekuwa karibu wakati tatizo linaisha anaonekana ndiye mponyaji, kama vile aliyekuwa karibu wakati tatizo linaanza anavyoonekana ndiye mchawi. Bwana Msa asingemshika yeyote kati ya hao kwa ushahidi wa namna hiyo.

Wakampeleka mtoto hospitali kulipokucha. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo. Daktari akatazama koo, akasikiliza kifua, kisha akatazama masikio. Sikio la kushoto lilikuwa jekundu ndani, limejaa usaha. Mhalifu alikuwa humo tangu juzi, na mtoto alikuwa ameshalitaja kwa njia yake: alikuwa akilivuta sikio, na watu wa nyumbani wakidhani anacheza.

Kuhusu sindano, bibi naye alikuwa na ushahidi wake, na ni haki usikilizwe. Alipokuwa kijana alimzika mtoto wake wa pili. Alipatwa na degedege wakiwa kijijini; wakamtibu kwa kufukiza, likarudi; siku ya pili wakambeba mgongoni mpaka zahanati, na mwendo ulikuwa wa nusu siku. Mhudumu akamchoma sindano. Mtoto akafa kabla jua halijatua. Tangu siku hiyo bibi alijua kwa macho yake mwenyewe kilichomuua mwanawe.

Imani ya kwamba sindano humuua mwenye degedege iko sehemu nyingi za Tanzania, na imejengwa kwa vifo vya kweli kama hicho. Sindano ilikuwa ya mwisho kumgusa mtoto. Katika hadithi yoyote ya upelelezi, wa mwisho kuonekana na marehemu ndiye anayekamatwa kwanza, na mara nyingi siye. Kilichomuua mtoto yule kilianza siku mbili nyuma. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na saa zote zilizopotea zilikifanyia kazi. Lakini mkwe wake hakuwahi kuisikia habari ya mtoto huyo mpaka asubuhi ile, wakiwa kwenye benchi la hospitali. Alikuwa amemwona bibi kama mtu mkaidi tu. Alipoijua, aliacha kubishana naye.

Kabla ya kurudi kwenye vitabu, mzazi ajue la kufanya, maana usiku kama ule haungoji mtu apekue simu. Mtoto akipatwa na degedege, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, mlegeze nguo, usimshikilie kwa nguvu. Usimtie chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Tazama saa. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama ametulia, kwa sababu kutulia hakusemi homa imetoka wapi. Likizidi dakika tano, likirudi tena, au mtoto asipozinduka vizuri, hiyo ni dharura ya kukimbia naye sasa hivi. Jirani mwenye pikipiki aamshwe.

Wapelelezi wenye bastola

Abdulla alifungua mlango na wengine wakaingia kwa kasi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na hapo upelelezi ukahamia mijini, kwenye simu na magari. Katika miaka ya 1970 ukaja ujasusi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa wakiingia na kutoka, na habari za majasusi wa makaburu hazikuwa porojo. Elvis Musiba akamzaa Willy Gamba, jasusi wa serikali mwenye mikono myepesi, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi, Njama na nyinginezo. Musiba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na alipata kuongoza chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima nchini. Baada yake Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamleta Joram Kiango, na vijana wa miaka ya 1980 wakawa wanaazimana vitabu vyake kwa zamu ya usiku mmoja mmoja.

Hao ni wapelelezi wa damu, wanawake na hoteli kubwa. Wana utamu wao, na Willy Gamba aliwafundisha vijana wengi ramani ya Afrika kuliko mwalimu wa jiografia. Ila mzazi asimpe mtoto wa darasa la sita Mtobwa bila kukipitia kitabu kwanza. Hata kwa Abdulla, Mke Mmoja Waume Watatu si cha kuanzia, jina lenyewe linasema. Mzimu wa Watu wa Kale ndicho cha kuanzia, kwa mtoto wa miaka 12 au 13 anayesoma Kiswahili bila kukwama, na kinasomeka vizuri zaidi kwa sauti, kwa sababu kimeandikwa kama mtu anavyosimulia barazani. Vitabu vyake vimewahi kusomeshwa shuleni Afrika Mashariki, kwa hiyo maktaba ya shule na wauza vitabu vilivyotumika ndiko kwa kuulizia.

Jambo moja la kuangalia wakati wa kusoma na mtoto: usikimbilie kumwambia uchawi haupo. Huo ni mjadala mwingine, na nyumba nyingi hauishi. Bwana Msa mwenyewe hapotezi muda mwingi kubishana kama mizimu ipo au haipo. Anauliza nani alikuwa hapa, lini, na amejuaje. Mtoto aliyezoea maswali hayo matatu anaweza kuyauliza mbele ya bibi yake bila kumvunjia heshima. Na mama anaweza kuyauliza mbele ya mganga, mbele ya muuza dawa ya kienyeji sokoni, mbele ya ujumbe wa WhatsApp unaosema chanjo fulani imeua watoto wilaya ya jirani, na hata mbele ya daktari aliyeandika dawa bila kupima.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Kitabu chake cha mwisho kilichotajwa hapa, kile cha 1984, kilibeba kosa la mpelelezi wake kwenye jina lenyewe. Si waandishi wengi wa aina hii wangekubali kumtangaza shujaa wao kwa kosa, na inafaa kumpa sifa kwa hilo.

Kule Mandewa, mtoto wa sikio alimaliza dawa zake na ana miaka mitatu sasa. Dada yake yuko kidato cha pili. Aliazima Mzimu wa Watu wa Kale kwa mwalimu wake wa Kiswahili, na kwa kuwa bibi haoni tena herufi, alikuwa akimsomea jioni wakati ugali ukingojwa. Siku mbili za kwanza bibi alisema hapana haja ya kuendelea, jibu liko kwenye jina la kitabu: mzimu ndio uliomchukua. Siku ya tatu alinyamaza. Siku ya nne, katikati ya ukurasa, alimkamata mjukuu wake mkono.

“Rudia hapo,” alisema. “Huyo amesema jana alikuwa wapi?”